Saa ya Mjomba na Bei za Geneva

Novemba 2016, katika mnada mmoja mjini Geneva, saa ya mkononi ya Patek Philippe iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya chuma cha pua, chuma kile kile cha vijiko na masufuria. Ni toleo la 1518, lililoanza kutengenezwa 1941: saa inayoweza kupima muda wa mbio, ikakuonyesha siku, tarehe, mwezi na umbo la mwezi wa angani, na inayojua yenyewe kwamba Aprili ina siku 30 na Februari ina 28, isipokuwa mwaka ule wa siku 366. Saa za namna hii huitwa za kalenda ya milele. Za toleo hilo zilitengenezwa 281 hivi, na za chuma cha pua zinazojulikana ni nne tu.

Watajie habari hii watu wa rika langu, waliosoma, wenye simu mbili na madeni matatu, utaona wanavyogawanyika. Wa kwanza watacheka. Watasema dunia imekosa kazi, kwamba simu ya bei ya chini kabisa pale Kariakoo inajua tarehe kuliko hiyo saa, na kwamba mtu akitumia faranga milioni 11 kujua leo ni Jumanne basi ana matatizo yake binafsi. Wa pili hawacheki. Wanauliza zinapatikana wapi. Hawa ndio wanaopiga picha vifundo vyao vya mikono juu ya usukani wa gari na kutufundisha kwamba saa ya zamani ni uwekezaji, haiozi, haidai kodi ya ardhi, na bei yake inapanda wakati shilingi inashuka.

Nina ugomvi na wote. Wa kwanza wanadhani saa inauza habari ya tarehe. Wa pili wanadhani inauza bei yake yenyewe. Nitagombana nao kwa kutumia saa moja ya bei ndogo, iliyoko Rondo, mkoani Lindi, juu ya uwanda unaolitazama bonde la Lukuledi. Lakini kabla ya kufika huko ni haki tuitendee mashine yenyewe heshima, maana wengi wanaoicheka, na wengi wanaoiuza, hawajawahi kuuliza inafanyaje kazi.

Anza na Seiko 5, saa iliyovaliwa na baba zetu wengi. Ina tarehe, lakini kwake kila mwezi una siku 31. Kwa hiyo kila mwaka inakosea mara tano, mwisho wa Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba, na mara zote tano mwenye nayo lazima aivute mbele kwa mkono. Sasa fungua kalenda ya milele ya zamani. Katika nyingi utakuta gurudumu dogo linalomaliza mzunguko mmoja kwa miaka minne. Ukingo wake umegawanywa sehemu 48, moja kwa kila mwezi. Mwezi wa siku 31 haukuchongwa. Mwezi wa siku 30 umechongwa kidogo. Februari imechongwa kina kirefu, na Februari moja kati ya nne imechongwa pungufu kidogo ya wenzake. Kijiti cha chuma kinapapasa ukingo huo kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani, na usiku wa mwisho wa mwezi, kina cha tundu alilolikuta ndicho kinachoamua tarehe iruke hatua ngapi ili ifike moja.

Hakuna betri wala mtandao hapo. Kuna shaba iliyochongwa na mtu, na ndani ya ule mchongo kuna miaka minne. Upo mchongo mmoja unaongoja siku 1,461 ili utumike usiku mmoja, kisha unaanza kungoja tena. Mimi nilipoelewa hilo nilikaa kimya. Wewe ukilielewa na bado ukacheka, sawa, cheka, lakini ucheke ukijua unachokicheka.

Na nikubali mapema: simu inaipiga hesabu hii vizuri zaidi. Inajua hata jambo ambalo saa ya faranga milioni 11 haijui. Mwaka wa jua si siku 365 na robo kamili. Unapungua dakika chache. Ndiyo maana 1582 Papa Gregori XIII aliamuru kwamba miaka inayomaliza karne isiongezewe siku, ila ile inayogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 uligawanyika. Mwaka 2100 haugawanyiki. Gurudumu la miezi 48 halina habari hiyo. Litaionyesha dunia tarehe 29 Februari 2100, siku ambayo haitakuwepo, na itabidi mtu aichukue saa mkononi na kuisahihisha.

Tazama basi lile neno "milele". Patek Philippe waliweka mtambo wa kalenda ya milele kwenye saa ya mkononi kwa mara ya kwanza 1925, wakitumia mtambo waliokuwa wameutengeneza 1898. Tangu hapo hadi leo, karne moja, imepita mara moja tu fursa ya kuziumbua saa hizi, mwaka 2000, na mwaka huo kwa bahati ulikuwa ule unaogawanyika. Maana yake hakuna hata saa moja ya mkononi ya aina hii iliyowahi kukutana na siku yake ya aibu. Umilele wote unaopigiwa mnada ni ahadi ambayo bado haijajaribiwa.

Waswisi wenyewe wanalijua jambo hili kuliko wateja wao. Mwaka 1985 kampuni ya IWC ilitoa saa iitwayo Da Vinci, yenye kalenda aliyoibuni fundi wao Kurt Klaus. Inaonyesha mwaka kwa tarakimu zote nne. Tarakimu za karne zimechapwa kwenye kibao chembamba kinachosogea mara moja kwa miaka 100, na kibao hicho kinaishia karne inayoanzia 2100. Wakafanyaje? Pamoja na saa wakampa mnunuzi kichupa cha kioo chenye kibao cha akiba, cha karne zinazofuata, ili fundi akibadilishe mwaka 2200. Fikiria wazo hilo. Kampuni inampelekea kipuri fundi ambaye bibi yake mzaa bibi hajazaliwa, kwa imani kwamba atakuwepo, atakuwa na mikono iliyofunzwa, na mtu atakuwa amekitunza kichupa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kalenda ya milele haijawahi kuwa ndani ya saa. Saa inafanya sehemu, inayobaki anafanya mtu. Tofauti ya saa moja na nyingine ni mara ngapi inamhitaji huyo mtu.

Sasa twende Rondo.

Marehemu mjomba wangu alisoma Leningrad miaka ya themanini, akarudi na shahada, koti zito ambalo halikupata kazi tena, na saa ya Raketa. Raketa zilitengenezwa na kiwanda cha Petrodvorets, nje kidogo ya mji ule, na miongoni mwake kuna toleo ambalo Warusi nao waliliita la kalenda ya milele. Uso wake umejaa kama ubao wa ratiba ya basi. Miaka imechapwa juu ya sahani inayozunguka. Ya mjomba ilianza 1980 na kuishia 2000. Unazungusha hadi mwaka ulingane na mwezi unaoutaka, na siku za wiki, kwa herufi za Kirusi, zinajipanga na safu za tarehe. Basi. Mwezi mpya ukiingia unaizungusha tena wewe mwenyewe. Kila siku unaitia ufunguo wewe mwenyewe.

Mpenzi wa saa wa Dar es Salaam niliyemwonyesha picha yake aliguna. "Hiyo si kalenda ya milele," akasema. "Hilo ni jedwali." Akanieleza habari za magurudumu na vijiti, ambazo nilishazijua, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni kwamba hicho alichokiita simba ni paka.

Jedwali, ndiyo. Lakini ngoja uone lilivyofanya kazi. Mwaka 2000 ulipokwisha, saa iliishiwa na miaka, na hapo kwa akili ya kawaida ingetupwa. Mjomba alikuwa mwalimu wa hisabati. Wiki ina siku 7, mzunguko wa mwaka wa siku 366 ni miaka 4, na saba mara nne ni 28: kwa hiyo kalenda ya mwaka wowote inajirudia ilivyo baada ya miaka 28, mradi usivuke 2100. Tatizo ni kwamba 2001 ukitoa 28 unapata 1973, ambao haumo kwenye sahani. Akatafuta njia za mkato. Mwaka 2001 akausoma kwenye 1990. Wa 2002 kwenye 1991. Wa 2003 kwenye 1997. Mwaka 2004 ukamkatalia, kwa sababu ulikuwa wa siku 366 na kati ya 1980 na 2000 hakuna pacha wake. Akaugawa vipande viwili, Januari na Februari akasoma 1998, kuanzia Machi akasoma 1999. Akaenda hivyo kwa kuviziana hadi 2008, mwaka ambao kutoa 28 kulimrudisha 1980, mwanzo kabisa wa sahani, na tangu hapo akapumua. Hesabu zote hizo aliziandika kwenye karatasi ya daftari la mraba na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Alikuwa akiitumia kwa nini, kijijini? Kwanza kwa chama cha msingi cha ushirika, ambako alikuwa katibu: tarehe za minada ya korosho, tarehe ya mwisho ya kufikisha mzigo ghalani, siku zilizopita tangu mkulima aahidiwe malipo. Lakini zaidi kwa misiba. Mtu akifariki, ndugu walikuja barazani. "Shikamoo mwalimu. Tumekuja kuuliza, arobaini itaangukia siku gani?" Akaitikia marahaba, akawapa pole, akavua saa, akaizungusha, akahesabu kwa ukucha juu ya kioo, akawatajia siku na tarehe, akawaambia pia kama siku hiyo ingegongana na mnada. Kuna nyumba pale Rondo ambazo tarehe ya arobaini zao zote kwa miaka ishirini ilitoka kwenye uso wa Raketa ile.

Hiyo ndiyo saa wanayoniambia si ya kalenda ya milele. Mimi nasema ni ya milele kuliko ya mnada wa Geneva, kwa kipimo kimoja tu ambacho nakiona cha haki: iliishiwa na uwezo wake mwaka 2000, na ikaendelea kusema kweli, kwa sababu alikuwepo mtu. Ya Geneva itafika mahali hapo 2100. Tutaona nani atakuwepo.

Rafiki zangu waliosoma falsafa chuo kikuu wanapofika hapa hunitolea John Mbiti. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alidai kwamba muda wa Mwafrika wa jadi una zama ndefu zilizopita, una sasa, na karibu hauna wakati ujao. Akaazima maneno yetu ya Kiswahili, sasa na zamani, kuijengea hoja yake, ingawa uchunguzi wa vitenzi alioutegemea ulikuwa wa Kikamba na Kigikuyu. Wanafalsafa wa Kiafrika wamembishia kwa miaka mingi, na Kwame Gyekye wa Ghana ni mmoja wao. Lakini madai yake yamebaki mitaani kama ukungu. Kila ofisa anayefika mkutanoni saa tatu baada ya muda anajitetea kwa "muda wa Kiafrika", na kila kijana anayeona saa ya zamani yenye kalenda ya karne nzima anahisi ni kitu cha watu wengine, watu wenye kesho.

Shuka basi kutoka Rondo hadi pwani, uende Kilwa. Mabaharia wa bahari hii waliishi kwa mwaka wa jua wa siku 365 ulioanzia Nairuzi, siku ya mwaka ya Kiajemi, wakihesabu siku kwa makumi, mwongo baada ya mwongo. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid aliandika misimu ya safari kwa hesabu hiyo hiyo ya Nairuzi: siku ya ngapi chombo kiondoke, siku ya ngapi upepo unafunga njia. Mwenye kuondoka na kaskazi alikuwa ameshapanga kurudi na kusi, miezi mbele, na bidhaa na mkopo na ndoa vikipangwa juu ya hesabu hiyo. Wakulima wa pwani walipandia hesabu hiyo pia. Makunduchi, Unguja, bado wanaoga mwaka kila Julai, ingawa wengi wetu tunaijua Mwaka Kogwa kama siku ya kupiga picha watu wakichapana migomba.

Mwaka ule haukuwa na robo siku. Kwa hiyo uliteleza: siku moja kila miaka minne, siku 15 katika maisha ya mtu wa miaka 60. Wenyewe walilimaliza hilo kwa macho, wakitazama upepo, nyota na mvua, na kusema mwaka huu mwongo wa kupandia umewahi, tungoje kidogo. Hawakuwa na gurudumu la 48. Walikuwa na wazee ambao kazi yao ilikuwa kukumbuka, na vijana waliokaa karibu nao. Mpangilio huo haukosi wakati ujao hata kidogo. Unachokosa leo ni wale vijana.

Na tukiwa kwenye habari ya kujali muda, niseme moja la pembeni, kwa kuwa linaniuma. Watu wa kusini wamehesabu siku kuliko wanavyopenda. Hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, Mto Rufiji ulikuwa wa kuvuka kwa kivuko, na masika ikifurika, Lindi na Mtwara zilikuwa kisiwa. Mei 2024 mafuriko yaliikata tena barabara pale Somanga. Mkulima wa Rondo anayekaa na stakabadhi ya ghala mfukoni akingoja pesa ya korosho zake anaijua tarehe ya leo, na anajua siku ngapi zimepita. Asiyejua ni yule aliyemwahidi. Ukitaka kuandika kitabu kuhusu watu wasio na dhana ya wakati ujao, anza na upande ule wa meza.

Nirudi kwa kundi la pili, wawekezaji. Tangu 1996 Patek Philippe wamekuwa wakitangaza saa zao kwa picha za baba na mwana, wakisema kwa njia moja au nyingine kwamba saa huimiliki, unaitunzia kizazi kijacho. Ni tangazo zuri sana. Ni zuri kwa sababu linasema ukweli ambao mnada unaukanusha. Saa zinazopanda bei mnadani mara nyingi ni zile ambazo hazikuvaliwa sana: kioo hakina mkwaruzo, pembe za kasha hazijalika. Mtu aliyeivaa saa yake miaka arobaini akilima, akifundisha, akiosha mikono, huambiwa ameishusha thamani. Na aliyeinunua kwa mamilioni anaifungia kwenye sefu, ambako inasimama baada ya siku mbili. Kalenda ya milele iliyosimama haijui chochote. Ni maiti yenye tarehe ya kifo usoni. Kuiamsha ni kazi ya kubonyeza vitufe vidogo vya ubavuni kwa ncha ya kijiti, siku, tarehe, mwezi, mwaka wa ngapi kati ya minne, na ole wako ukizidisha hatua moja, kwa kuwa nyingi hazirudi nyuma, na ole wako zaidi ukibonyeza karibu na saa sita usiku, wakati meno yameshaanza kung'atana. Mali inayodai kutunzwa kila siku imegeuzwa mali ya kutoguswa. Sioni akili iko wapi.

Kuna saa moja ya Patek, toleo la 2499, ambayo Yoko Ono alimpa John Lennon alipotimiza miaka 40, Oktoba 1980. Desemba mwaka ule Lennon akauawa. Gurudumu lake lilihitaji miaka minne kuzunguka mara moja. Mvaaji alipata miezi miwili. Baadaye iliibwa, ikazunguka mikononi mwa watu, ikafika kwenye nyumba ya mnada, na mwaka 2024 mahakama ya juu ya Uswisi ikaamua kwamba ni ya Yoko Ono. Magazeti yote yalitaka kujua ina thamani ya kiasi gani.

Sasa nasi tuna kesi yetu, ndogo. Kwa desturi ya Wamwera na Wamakonde ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na cha mjomba humwangukia mpwa. Mimi ni mpwa, mtoto wa dada yake. Binamu yangu, mtoto wa kuzaa wa marehemu, ana sheria za nchi upande wake na siku hizi ana mnunuzi pia: mtu wa mtandaoni anayekusanya saa za Kisovieti, aliyeahidi bei ya simu nzuri. Kwenye kikao cha arobaini ya mjomba (ambayo, kwa mara ya kwanza, tuliihesabu kwa simu) binamu alisema kwa upole kabisa, "Dada, huyo mtu ataithamini kuliko sisi. Atai-sevisi, ataiweka vizuri. Hapa itaoza."

Simlaumu. Ana ada ya shule ya kulipa na ni kweli kabati lile lina unyevu. Lakini nilimwambia, na namwambia tena hapa kwa kuwa najua anasoma: hoja ya kwamba kitu chetu kitathaminiwa zaidi kwingine, watu wa Lindi tumeshaisikia. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa pale Tendaguru, vibarua wa kwetu wakaibeba mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimama hadi leo Berlin, amewekwa vizuri kweli kweli, hana unyevu. Watoto wa Rondo wanamwona kwenye picha. Naijua tofauti ya mjusi wa kimo cha mita 13 na saa ya Kirusi. Hoja iliyovichukua ni moja.

Nikamwambia pia kwamba anachokiuza mnunuzi hawezi kukinunua. Yeye atapata kasha, mtambo na sahani inayoishia 2000. Ile karatasi ya ndani ya mlango wa kabati hakuiuliza. Bila karatasi, saa ni pambo lililokwisha muda. Na karatasi bila mtu anayejua kwa nini 2004 umegawanywa vipande viwili ni mwandiko wa mzee. Thamani yote imo katika hiyo safari kutoka saa hadi karatasi hadi mtu. Wenye kuhesabu faranga waniambie wanaiwekea bei gani.

Kuhusu kuoza, binamu ana hoja nusu. Fundi saa wa mwisho niliyemjua Lindi mjini, mwenye lenzi ya jicho iliyofungwa kwa mpira, leo anauza kava za simu. Lenzi bado iko kwenye droo. Mafundi waliobaki wengi wanabadilisha betri na mikanda. Usiku wa kuamkia 1900 au 1800 mtu angeweza kusema saa zitakufa kwa kukosa wenye kuzinunua. Za kwetu zinakufa kwa kukosa wenye kuzifungua. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, Unguja, ulianguka Desemba 2020 pamoja na sehemu kubwa ya jengo, mchana kweupe, jengo la urithi wa dunia, kila mtu akijua kwamba linahitaji matengenezo. Kijana mwenye fedha ya kununua saa moja ya kujionyesha anaweza kumlipia mtoto wa mtu mwaka mzima wa kukaa na fundi mzee. Sijamwona hata mmoja akipiga picha ya hilo juu ya usukani.

Kikao hakijaamua. Wazee wamesema tungoje msimu wa korosho upite. Kama itamwangukia binamu, na kama hatauza, haya ndiyo ya kujua. Itie ufunguo asubuhi, si usiku, na uache ukisikia inakaza. Usivae ukipulizia mikorosho salfa. Mwaka 2026 soma 1998; 2027 soma 1999; 2028 soma 2000, na hapo sahani imeisha kwa mara ya pili. Mwaka 2029 rudi 1990. Wa 2030 soma 1991, wa 2031 soma 1997. Mwaka 2032 utakukatalia kama 2004 ulivyomkatalia baba yako: Januari na Februari soma 1998, kuanzia Machi soma 1999, na siku ya 29 Februari ihesabu mwenyewe, ni Jumapili.